Tumekarabati nyumba ya wazazi Mbagala bila kuongeza chumba: tulipokosea na tulipopatia

Binti wa Pili (#1)

Wakuu salaam. Humu jukwaa la ujenzi nimekuwa nachungulia dirishani miaka mingi, leo nimebisha hodi. Uzi ni mrefu. Mwenye foleni ya daladala ndiyo wakati wake.

Nyumba ni ya wazazi wangu, Mbagala, Dar es Salaam. Mzee alichimba msingi 1996, tukahamia 2001 kukiwa na bati na milango miwili tu, mengine tukayamalizia tukiwa ndani. Tofali za inchi sita. Vyumba vitatu, sebule, chumba cha kulia, korido ya mita moja na kidogo iliyokwenda ndani gizani kama pango, choo kimoja, na mwisho wa korido jiko la ndani ambalo tangu tuhamie halijawahi kuchemshiwa hata chai. Liligeuka stoo: mkaa, baiskeli ya kaka, friji bovu ambalo mzee anasema litatengenezwa. Nyuma kuna kibaraza chembamba, ua na mwembe. Mama anapika huko, anachambua mchele huko, anasuka ukili huko. Uso wa nyumba uko magharibi, barabarani. Hilo la magharibi mlishike, nitalirudia.

Mwaka juzi mdogo wetu wa mwisho aliletewa barua ya posa. Kikao cha washenga kikapangwa nyumbani, na sisi ndugu watano tukaingiwa na aibu ya ghafla. Kundi la familia likajaa picha: jipsam yenye taa za kujificha, ukuta wa tivii, jiko la wazi lenye viti virefu kama baa. Tukachanga milioni nane. Mimi naishi Chamazi, ndiye niliye karibu, nikapewa usimamizi.

Fundi wa kwanza alizunguka nyumba kwa dakika kumi akatoa karatasi: dari ya jipsam sebuleni, skimu (puti ya kulainisha ukuta), marumaru, rangi, na kung'oa madirisha ya luva kuweka ya alumini ya kusukuma pembeni. Hakuuliza nani anaishi humo. Na mimi sikumwambia. Tukamaliza sebule, zikaondoka milioni tano na ushee. Kwa kweli ilipendeza, mama alivua viatu mlangoni siku ya kwanza.

Washenga wakaja Jumamosi saa tisa alasiri. Jua la magharibi limeingia sebuleni lote, dari tumeishusha karibu futi moja, na madirisha mapya ukiyafungua yanafunguka nusu tu kwa sababu kioo kimoja kinakwenda kujificha nyuma ya mwenzake. Luva zile tulizozicheka zilikuwa zinafunguka zote. Wazee wanajifuta jasho kwa leso, feni inazungusha joto lilelile. Baada ya dakika ishirini mzee mmoja wa upande wa muoaji akauliza kwa adabu sana, "Huko nyuma hakuna kivuli?" Tukabeba viti, tukapita na wageni kwenye korido ya giza, kando ya magunia ya mkaa, hadi chini ya mwembe. Mahari ikajadiliwa huko, mbele ya sufuria.

Masika yaliyofuata skimu ikaanza kubanduka ukutani, kuanzia chini hadi kimo cha goti, ikiacha unga mweupe.

Nikaacha kupokea simu za ndugu zangu. Nilichukua likizo wiki moja, nikahamia kwa wazazi na daftari. Kila saa naandika nani amekaa wapi. Sebule: mzee na taarifa ya habari saa mbili usiku, basi. Chumba cha kulia: hakuna mtu siku saba, ila meza imejaa nguo za kupigwa pasi. Kibaraza cha nyuma: kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku hakikukosa mtu. Pesa zetu nyingi tumezipeleka kwenye chumba cha nusu saa kwa siku, na sehemu inayobeba familia haina hata taa.

Nitaendelea na tulichofanya kwa milioni tatu isiyotimia iliyobaki.

Chuma Chakavu (#2)

Uzi bila picha ni sawa na pilau bila nyama. Lakini naweka kambi.

Kasuku Mweupe (#3)

Dada umenigusa. Sebule yetu Tabata ina makochi yenye nailoni mpaka leo. Ukikaa bila mgeni unaulizwa unaumwa?

Binti wa Pili (#4)

Sehemu ya pili.

Kwanza jua. Mbele ni magharibi, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana sebule inaokwa. Nyuma ni mashariki, mchana kuna kivuli cha nyumba yenyewe. Upepo nao: kaskazi inavuma Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini mashariki, kusi inashika tangu karibu Aprili na Mei ikitokea kusini na kusini mashariki. Zote mbili zinaugonga mgongo wa nyumba. Na mgongoni tumeweka nini? Stoo ya mkaa yenye dirisha dogo lililozibwa kwa kiroba. Nyumba imeziba pua yenyewe.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa moja: kuifuta ile stoo, korido itoke moja kwa moja hadi kibarazani. Dirisha la nyuma tuliligeuza mlango. Hili lilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, maana lenta, ule mkanda wa zege unaobeba ukuta, ilikuwa tayari juu ya dirisha, tukakata tofali za chini yake bila kuongeza upana. Tukaweka mlango wa mbao na geti la nondo lenye wavu. Mchana mbao iko wazi, wavu unazuia mbu, geti linazuia kuku na wenye tabia zao.

Ukuta wa mbele wa stoo, ule uliofunga korido, ndio ulioleta maneno. Fundi akasema, "Huu hauna kazi, kesho naugonga." Mdogo wangu wa kiume akapanda darini na tochi. Kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimeungwa palepale na miguu yake imekaa juu ya ukuta "usio na kazi". Nilihisi miguu imekufa ganzi. Tukamlipa injinia aje aone, akachora bimu (boriti ya zege), kenchi zikashikiliwa kwa mirunda, yaani nguzo za miti, kabla ya tofali la kwanza kutoka, zege likamwagwa, na mirunda haikuguswa wiki tatu. Familia ilipita humo kwa kuinama kama wanacheza kombolela.

Siku tulipofungua mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, pazia la sebuleni liliinuka lenyewe. Mzee alikuwa amekaa kimya siku zote za kazi. Akasema, "Hii sasa ni nyumba ya babu yenu Kariakoo." Nikamuuliza kivipi. Akanichorea mchangani kwa fimbo: baraza mbele, mlango, korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, mlango wa nyuma, ua, jiko na choo huko uani. Amekulia humo. Nikamuuliza kwa nini basi alipojenga yake aliziba nyuma. Akasema mwaka ule kila mtu aliyekuwa na ramani ya kisasa alikuwa na jiko la ndani.

Mswahili wa Makadara (#5)

Sisi huku Mombasa twaifahamu nyumba hiyo, babako amesema kweli. Lakini dadangu, nina neno. Ukifungua mlango wa mbele na wa uani ukawa mstari mmoja, mpita njia barabarani amuona mamako mpaka uani. Hilo si jambo dogo. Nenda Lamu uone nyumba za mawe: nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni, na viti vya mawe, wageni wa kawaida waishia hapo. Ukiingia hukutani na kiwanda, ua wa ndani, moja kwa moja, wakata kona kwanza. Upepo wapita, jicho halipiti.

Na mambo mengine ya nyumba zile hayakuwa urembo. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta. Waliokuja baadaye wakaiga upana ule kwa kudhani ni mtindo.

Binti wa Pili (#6)

Mswahili wa Makadara, ungekuwepo kwenye kikao chetu. Mama alisema hilohilo siku ya pili: "Nikiosha vyombo nimejifunga khanga moja, mtaa mzima unanisalimia." Kona hatukuwa nayo ya kukata. Tulichofanya ni kujenga kiukuta cha tofali za matundu kibarazani, hatua mbili kutoka mlango mpya, kimo cha mtu mzima. Upepo unapenya matunduni, mtu wa barabarani anaona ukuta. Kinagharimu kidogo na ndicho wageni wanachokisifia kuliko jipsam.

Boss wa Goba (#7)

Kwa heshima zote, mnarudisha watu nyuma. Milioni nane ungeongezea kidogo, ukabadilisha paa liwe la kuficha, nyumba ikapata sura ya kisasa na thamani ikapanda. Chumba cha kulia na sebule mngeunganisha. Nyumba isiyo na jiko la ndani leo nani atainunua?

Pima Maji (#8)

Boss, hiyo nyumba haiuzwi, wazee wanaishi. Tuanzie hapo.

Mimi ni fundi, nina miaka ishirini na moja kwenye kazi. Paa la kuficha nimelijenga na nimelirudia kulitibu. Ukishazungusha ukuta juu ya bati, maji yote yanategemea mfereji mmoja wa ndani. Jani la mwembe likiziba tundu, maji yanarudi darini. Na ukuta unabaki bila kofia: paa letu la kawaida linachomoza sentimita sitini, wengine hadi tisini, linakinga ukuta na dirisha dhidi ya mvua na jua. Kwa masika ya Dar mimi siwezi kumshauri mtu alitoe. Wateja wakilitaka nawajengea, pesa yao, ila nawaandikisha kwamba mfereji utasafishwa kabla ya masika na vuli.

Dada Binti, kuna sehemu umeionea jipsam. Dari kushuka kumechangia, lakini joto lako linatoka kwenye bati. Hewa ya juu ya dari inachemka na haina pa kutokea. Waambie wakuwekee matundu yenye wavu chini ya uchomozo wa paa na mengine juu kabisa kwenye pembetatu ya ukuta wa pembeni. Hewa baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu. Bila hayo hata ungeweka dari ya dhahabu.

Kuhusu kubanduka: huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi nje. Puti ya ndani juu ya ukuta wenye unyevu ni kumpaka mgonjwa poda. Nikuulize mawili. Msingi una nailoni ya DPC, ile ya kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani? Na udongo wa nje uko chini ya sakafu kwa kiasi gani?

Binti wa Pili (#9)

Nailoni mzee hakumbuki, maana yake haipo. Udongo wa nje upande wa kusini ulikuwa sawasawa na sakafu ya ndani, kwa sababu kila tulipotengeneza ua tuliongeza kifusi. Na zege la jirani linamwaga maji kwetu.

Pima Maji (#10)

Nilijua. Sasa sikiliza. Usinunue chochote cha kupaka kwanza. Chimba nje ushushe udongo hadi angalau sentimita kumi na tano chini ya sakafu. Bandua lipu yote ya ndani ukutani hadi mita moja, tofali zipumue kiangazi chote, Januari na Februari wala usiziguse. Nje mwaga mkanda wa zege wa sentimita sitini kuzunguka, ukiinamia mbali na nyumba. Angalia usawa wake, wengi wanaumwaga juu sana mpaka wanarudisha tatizo walilolitoa. Lipu mpya iwe ya mchanga safi, na maji ya kukorogea yasiwe ya kisima chenye chumvi. Hapo umepunguza sana. Kuponya kabisa bila DPC, sikudanganyi.

Kasuku Mweupe (#11)

Mimi fundi wangu alikoroga na maji ya kisima ya chumvi, akasema saruji haibagui. Fundi maiko kabisa. Ukuta unatoa chumvi ya kuungia mboga.

Binti wa Pili (#12)

Pima Maji, tulifanya karibu yote hayo isipokuwa matundu ya dari, naandika sasa hivi kwenye daftari. Kiangazi sebule ilikaa na ukuta uchi miezi miwili, kaka akaja akakuta, akauliza kama tumeibiwa.

Boss wa Goba, kuhusu kuunganisha sebule na chumba cha kulia: ndiyo ilikuwa hoja ya ndugu wote. Hatukuunganisha. Mzee magoti yamechoka, chumba chake kilikuwa mwisho kabisa, na usiku anakwenda choo mara tatu akipapasa ukuta. Chumba cha kulia kimetazamana na choo. Tukahamisha meza, tukaweka mlango, kikawa chumba chake. Mlango tulinunua wa sentimita tisini, kwa kufikiria kama siku moja atahitaji kiti cha magurudumu. Sikumwambia hiyo sababu. Chooni tuliongeza bomba la kushikia ukutani, tukatoa marumaru za kung'aa tukaweka za kukwaruza, na ngazi tatu za mbele zikapata mteremko pembeni. Kaka akauliza, "Sasa tutakula wapi?" Mama akamjibu, "Tangu 2001 unakula wapi?" Kibarazani, kwenye mkeka.

Na jiko. Jamani hili ndilo lililonifundisha adabu. Nilikuwa nimeshachora jiko la nje zuri, kona ya kusini ya ua, karibu na bomba. Mama akaangalia mchoro, akasema, "Kusi likianza moshi wote kwa baba yako." Akaonyesha kona ya kaskazini. Nikamwambia huko nako kaskazi litauleta ndani. Akasema kaskazi ni la miezi michache na kusi ni refu, na moshi wa kusi ukiwa kona ile unakwenda kwenye ukuta wa gereji ya jirani ambao hauna dirisha. Nilikuwa nimesoma makala kumi na mbili za mipango ya majiko. Hakuna iliyoniuliza kusi linaanza lini.

Tulilijenga huko: paa la bati, pande mbili wazi, meza ya zege ya sentimita themanini na tano kwenda juu, sinki yenye chemba yake, upande mmoja gesi, upande mwingine pa kuweka jiko la mkaa kwa kimo ambacho mama hainami. Alikuwa anainama tangu nimjue. Kibaraza tukakitoa kutoka mita moja na nusu hadi mita tatu. Vyumba vya nyuma vikawa na giza kidogo, tukabadilisha bati moja la kibaraza kuweka lile linalopitisha mwanga. Lisiwe mawili, mchana linawaka.

Chuma Chakavu (#13)

Kibali mlichukua au mlijenga Jumapili?

Binti wa Pili (#14)

Tulianzia serikali ya mtaa, wakatuelekeza manispaa. Ilichukua muda na nilichoka. Lakini ile bimu nisingeweza kulala nayo bila karatasi yenye jina la mtu aliyesomea.

Pima Maji (#15)

Umefanya jambo. Na wengine humu, msije mkaniuliza "bimu yake ilikuwa na nondo ngapi" mkaipeleka kwenu. Upana wa uwazi, uzito wa paa, udongo, kila nyumba ina yake.

Mama Wawili Tanga (#16)

Dada rangi je? Sisi wanawake tunataka kusikia rangi.

Binti wa Pili (#17)

Rangi ilikuwa ya mwisho na pesa zilikuwa zimekatika, hivyo hatukuwa na ujanja. Nje nyeupe inayoelekea maziwa, maana ukuta wa magharibi ukipakwa rangi nzito unabeba joto hadi usiku. Korido nyeupe kabisa. Juu ya milango ya vyumba tulitoboa vidirisha vya kioo, mwanga wa vyumbani unashuka koridoni. Sasa mchana hatuwashi taa. Madirisha ya sebule ya kusukuma hatukuwa na pesa ya kuyatoa tena, yamebaki, nayaangalia kila nikija. Mbele tumepanda mpasheni kwenye waya, ukishika vizuri utakula jua la saa tisa. Kwa sasa umefika nusu ya dirisha.

Boss wa Goba (#18)

Sawa, kwenye paa nimewaelewa. Ila huo ukuta wa tivii mliokwisha kuujenga mmeufanya nini?

Binti wa Pili (#19)

Upo. Tivii haipo. Kaka aliyeupigania ndiye aliyeibeba kwenda kibarazani Jumamosi moja Yanga walipokuwa wanacheza, akasema atairudisha kipindi cha pili. Ukutani zimebaki skrubu nne. Taa za kujificha tunaziwasha Idi.

Chuma Chakavu (#20)

Na picha?

Binti wa Pili (#21)

Mama amekataa jiko lake kupigwa picha mpaka kabati la sufuria lipakwe rangi. Fundi wa kabati hapokei simu tangu Jumanne.